Feni Isiyo na Domo

Mzee wa kwanza aliyeniuliza kama niko kwenye mashine ya kusaga unga nilimcheka. Wa pili sikumcheka. Alikuwa amelazwa hospitalini huko Amerika, mbele yake daktari asiyejua neno la Kiswahili, na kati yao nilikuwa mimi, Victoire, nimeketi chumbani kwangu Bukoto, Kampala, na hedifoni masikioni, nikitafsiri maumivu ya tumbo lake. Kila nilipofungua kinywa, kompyuta yangu nayo ilifungua chake.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Wakongomani wenzangu waliopelekwa kuishi ng'ambo wanaugua kama watu wengine, na wengi wao Kiingereza hakijawaingia. Hospitali inaipigia kampuni, kampuni inanipigia mimi kwa mtandao, nami ninageuza maneno ya mgonjwa yawe ya daktari na ya daktari yawe ya mgonjwa. Kabla ya kuipata nilitembeza vitenge begani, mlango kwa mlango, mpaka mbwa wote wa kaskazini mwa Kampala wakanizoea. Mume wangu Aristide anavitembeza hadi leo. Mimi sikutaka kurudi huko, na sioni haya kusema hivyo.

Basi msimamizi wangu, Mkenya mmoja aitwaye Loice, alinipigia asubuhi moja. Loice ni mtu wa adabu, na ukimsikia anaanza kwa kukuuliza habari za watoto, jua kuna jambo. Aliuliza habari za mwanangu Bénit, akauliza habari za mume, ndipo akaniambia kwamba wakubwa wamesikiliza simu zangu na hawakuridhika.

"Dada Victoire, sauti yako ni safi," alisema. "Tatizo ni hiyo nyingine inayoongea nyuma yako."

Mwisho wa mwezi wangenipima. Wakisikia mngurumo, laini yangu ingepewa mtu mwingine.

Kompyuta yenyewe ilikuwa sanduku kubwa jeusi tulilolinunua kwenye duka la intaneti lililofungwa. Mbele lina uso wa wavu wa chuma, vitundu vidogo vidogo kama vya chujio, na nyuma ya wavu huo zilikuwapo feni mbili ndogo za kuvuta hewa ya nje ili vyuma vya ndani visiungue. Hizo ndizo zilizokuwa zikipiga kelele. Nilijaribu kulisogeza sanduku chini ya meza. Nilijaribu kulizungushia blanketi. Siku moja nilizichomoa feni zote mbili, nikafurahia kimya kwa muda mfupi, kisha mashine ikachemka na kuzimika, ikaniacha nimemning'iniza mama wa watu katikati ya sentensi iliyohusu figo zake.

Nyumbani tunaishi na Mama Marie-Jeanne, mama mzazi wa Aristide, na yeye ni mtu wa sala. Alisema jambo hilo litakwisha kwa maombi. Mimi nilisema litakwisha kwa fundi. Hatukugombana. Kwetu mke wa mtu hagombani na mama mkwe wake, anameza, na mimi nimemeza mengi mpaka nimenenepa.

Fundi alikuwa Papa Anselme, Mkongomani wa Uvira anayeishi Lubaga, mtu mwenye maneno mengi kuliko skrubu. Alilifungua sanduku, akachungulia, akapitisha kidole kwenye wavu wa mbele, kikatoka na uchafu mwekundu unaonata. Akasema Bukoto yetu ina vumbi, na tena tunapika kwa mafuta mengi. Nilimwambia tunapikia nje, barazani. Akasema harufu ya vitunguu haijui baraza. Aliusugua wavu kwa sabuni, akaukausha, kisha akatoa hukumu kwamba feni ndogo zitolewe na mahali pake tutie moja kubwa.

Akanieleza sababu, na safari hii hakunizungusha. Feni ndogo, ili ivute hewa ya kutosha, lazima iende mbio, na mbio ndizo kelele. Kubwa inavuta hewa ile ile ikizunguka kwa starehe zake. Alisema ni sawa na kuteka maji kwa kijiko na kuyateka kwa upawa. Sanduku langu, kwa bahati, lilikuwa na matundu ya skrubu ya feni yenye upana wa sahani ya wali. Kilichobaki kilikuwa kwenda mjini kuitafuta.

Wahabi ana duka kwenye jengo moja katikati ya mji, ghorofa ya juu, na humo mna feni za kila ukoo. Kubwa za kipimo chetu alikuwa nazo mbili. Ya kwanza aliiwasha, ikatoa rangi zote za ukumbi wa harusi, zikakimbizana kwenye mabawa yake hadi macho yakanicheza. Ya pili ilikuwa nyeusi tii, haina taa, haina urembo, imekaa kwenye boksi lake kama mtu aliyenuna.

"Zote kimya, nnyabo," Wahabi alisema, akiniita kwa heshima ya Kiganda. "Kimya kabisa. Utasahau iko."

Nilimwomba nisikilize. Akaziwasha zote mbili, nikainamisha sikio, na sikusikia chochote. Wala sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Chini boda zilikuwa zinapiga honi, kwenye ngazi mtu alikuwa anatangaza dawa ya panya kwa kipaza sauti, na jirani wa Wahabi anauza spika, tena ni muuzaji mwaminifu, anazijaribu kutwa nzima. Pale ningewekewa jenereta sikioni ningesema ni kimya. Nikamuuliza Wahabi wateja wake huchaguaje. Akasema huchagua rangi.

Hapo damu ikaanza kunipanda. Mwezi ulikuwa unakwenda, kazi yangu ilikuwa inaning'inia kwenye kelele, na huyu ananiambia rangi. Papa Anselme aliniona, akaniwahi kabla sijaharibu. Alimwomba Wahabi atuachie zote mbili tukazijaribu mahali palipotulia, na Wahabi akakubali baada ya kubaki na simu ya Papa Anselme mkononi.

Sasa niambie, katika Kampala mahali palipotulia ni wapi? Bukoto kwetu mtu wa kuchomelea mageti anaanza kabla jogoo hajawika. Soko la Kalerwe hata usilitaje. Papa Anselme alifikiri, akasema kwake Lubaga, juu kilimani karibu na kanisa kubwa, siku isiyo ya misa pana ukimya ambao unaweza kusikia majani. Tukapitia kwake kuchukua betri ya kuziwashia, kwa sababu feni hizi zinakula umeme mdogo, na tukaipandisha ile njia yeye akiwa amebeba begi, betri ikichungulia juu, na mimi nimebeba maboksi.

Lakini hebu jitazame kwa macho ya askari wa getini. Mwanamume na mwanamke, wageni kwa lafudhi, wanakwenda kanisani siku isiyo ya misa, na mizigoni mwao mna betri, nyaya zilizochubuliwa na vitu viwili vya kuzunguka. Mimi na Papa Anselme, watu wazima, hatukuwa tumeliwaza hilo hata kidogo. Kule tulikotoka kila fundi hutembea na betri begani, na hakuna anayeuliza.

Askari aliinua mkono. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshini.

"Simama hapo. Mutu ya kuomba Mungu nabeba betri ya nini?"

Mkimbizi hapendi kusimamishwa na mtu wa sare hata akiwa hana kosa, na Papa Anselme, mwenye maneno kuliko sote, siku hiyo alikuwa bubu. Kwa hiyo nikasema mimi. Nilimweleza yote, hospitali, wagonjwa, Loice, mngurumo, mwisho wa mwezi, nikasema tunatafuta feni isiyo na kelele na kwamba mjini hakuna mahali pa kuisikiliza. Nilipokuwa nasema nilijisikia jinsi ninavyofanana na mwongo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuamuru tutoke getini, twende nje chini ya ukuta, na kila kitu kiwekwe kwenye majani mbele yake. Akasema tuiwashe aone. Papa Anselme akaunga nyaya, na ile feni ya harusi ikaanza kuzunguka na taa zake. Askari akachuchumaa, akatega sikio.

"Hii naongea kama panya," alisema.

Nami nikatega. Kweli, chini ya upepo wake palikuwa na kitu kinachotatarika, ti-ti-ti, kidogo mno, lakini ukishakisikia hukisahau. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwenye kipaza sauti changu huyo panya angekuwa nguruwe. Papa Anselme akaitoa, akaunga ile nyeusi. Tukangoja. Askari akasogeza sikio, akasogeza tena, akakunja uso.

"Hii mimi hapana sikia kitu. Iko nafanya kazi kweli?"

Nikamwambia aweke kiganja mbele yake. Akakiweka, upepo ukamjaa mkononi, mpana na wa polepole, na uso wake ukafunguka. Alituambia anaitwa Ocen. Akaomba aisikilize mara ya pili, akamwita na mwenzake wa getini naye aje asikilize, na wote wawili wakakubaliana kwamba ni hiyo. Nimewahi kununua nguo ya harusi kwa ushauri mdogo kuliko huo.

Tulimrudishia Wahabi ile ya taa, tukalipia nyeusi na kuikomboa simu, na jioni hiyo hiyo Papa Anselme aliifunga nyuma ya wavu safi. Nilibonyeza kitufe, taa ikawaka, nikakaza meno nikisubiri mngurumo. Haukuja. Nilidhani mashine imekataa kuwaka, mpaka nilipoona maandishi kwenye kioo. Nililia kidogo, siwezi kudanganya. Nikampigia Loice, nikamwomba anyamaze na mimi ninyamaze, tukanyamaziana kwenye simu kama wachumba, naye akasema hasikii kitu. Usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyelipa madeni yake yote.

Lakini kabla mwezi haujaisha, kitu kikaanza tena. Kwanza pumzi, kama ya mtu anayepanda kilima. Kesho yake pumzi nzito zaidi. Siku iliyotangulia kipimo, feni yangu ya kimya ilikuwa inavuma kama upepo wa mvua, na mashine imepata moto hata huwezi kuweka mkono juu yake.

Hasira ni hasara, najua, lakini siku hiyo nilikuwa tayari kulipa. Nilimpigia Papa Anselme nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia yeye na Wahabi wake wameniuzia kilichooza, na kwamba nikirudi kwenye vitenge nitaanzia mlangoni kwake. Akaja upesi na uso wa mtu aliyeitwa mwizi. Alipiga magoti, akaubandua uso wa sanduku, akaugeuzia dirishani.

Vitundu vyote vilikuwa vimeziba. Vumbi jekundu la barabara yetu lilikuwa limeganda juu ya wavu kama ukoko chini ya sufuria, na hewa haikuwa na pa kupita. Feni ya watu haikuwa na kosa. Ilikuwa inajitahidi kuvuta pumzi kupitia ukuta, na mashine ilivyozidi kuwaka moto ndivyo ilivyoihimiza iende mbio zaidi. Papa Anselme alikwangua kwa ukucha, akanusa, akanusa tena.

"Mama Bénit," aliniambia polepole, "hii si mafuta ya kupikia. Hii ni zeituni."

Katika nyumba yetu zeituni ni chupa moja tu. Ni ndogo, imeombewa na mchungaji wetu, na inakaa kando ya Biblia ya Mama Marie-Jeanne. Niligeuka. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, na alikuwa amesikia.

"Ni miye," alisema. "Kila Ijumaa nikimaliza kufunga, ninaipakala mafuta. Iyi mashine njo inatulisha."

Akatueleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyeona ubaya. Kule Bukavu, Kongo, aliipaka cherehani yake mafuta ya upako, na ikamshonea watoto mpaka wakamaliza shule. Aliipaka pikipiki ya marehemu mumewe, na haikumwangusha hata siku moja. Kompyuta ilipoingia nyumbani aliitafuta uso ulipo, akaona inavuta pumzi kwa mbele, akasema basi hapo penye pumzi ndipo pa kupaka. Alipoisikia inanguruma alijua adui anapigania mkate wetu. Kwa hiyo akaongeza. Ilivyozidi kunguruma, ndivyo alivyozidi kuongeza. Papa Anselme alipofunga feni mpya na kelele zikakoma, Mama alimshukuru Mungu kwa kufunga siku nzima, kisha akapaka tena, safari hii mafuta ya shukrani.

Papa Anselme aligeukia ukutani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mimi sikucheka. Maneno yalinifika kooni, ya miaka yote niliyokuwa nameza, yamejipanga vizuri kabisa. Nikafungua kinywa. Ndipo nikaona mikono yake. Alikuwa ameshika ile chupa kwa mkono mmoja na kifuniko kwa mwingine, na hakujua avifanye nini.

"Nimeharibu kazi yako?" aliniuliza.

Mama Marie-Jeanne hajawahi kuniuliza kitu kwa sauti ile. Huwa ananiambia. Huwa ananirekebisha upishi wa sombe, kisamvu chetu, mbele ya wageni. Na kumbe muda wote huo, kila Ijumaa, na njaa yake tumboni, alikuwa anaiombea kazi yangu, ile ambayo nilidhani anaiona ni kuongea peke yangu chumbani. Hasira iliniishia pale pale, ikaniacha mwepesi.

"Hapana, Mama," nikasema. "Lakini mashine haisemi kitu. Anayesema ni mimi. Unipake mimi."

Alinitazama usoni, akaona si mzaha. Nikapiga magoti kwenye mkeka. Alinitia mafuta kwenye paji la uso, akafikiri kidogo, akanitia kooni, kisha nyuma ya masikio yote mawili, akaomba kwa Kishi, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili, kwa urefu wake wa kawaida, na Papa Anselme akavua kofia. Tulipomaliza alimpokonya fundi ule wavu, akaupeleka barazani na kuusugua mwenyewe kwa sabuni na maji ya moto mpaka vitundu vyote vikapitisha mwanga.

Kesho yake Loice aliingia kwenye laini na watu wawili wa kampuni nisiowajua. Walinipa maneno niyasome, wakaninyamazisha, wakanisomesha tena. Mama alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa, na sikumsikia hata akikohoa. Feni nayo sikuisikia. Watu wale walinong'onezana, kisha Loice akabaki peke yake akanitangazia kwamba nimepita, na kwamba laini ni yangu. Nilivua hedifoni, nikaweka kichwa mezani, nikakaa hivyo. Mwili mzima ulikuwa umelegea kama nguo iliyotolewa kwenye maji. Ahueni ina uzito wake, usiseme.

Simu ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima. Kazi yetu ina kiapo, kwa hiyo mji sitautaja wala jina, ila kwa usemi wake nilijua ni wa upande wetu. Alikuwa amefanyiwa kipimo cha uvimbe kwenye titi, na daktari alikuwa na majibu. Daktari akasema kwa Kiingereza. Nikavuta pumzi, nikamwambia kwa Kiswahili chetu kwamba si kansa, kwamba hauna ubaya, kwamba arudi nyumbani.

Kisha akasema, "Mwanangu, rudilia."

Niligeuka kuitazama mashine, nikaweka kiganja mbele ya wavu. Hewa ilikuwa inaingia taratibu, bila sauti.

"Mama, haunisikii?" nikamuuliza.

"Ninakusikia muzuri sana," alisema. "Njo maana ninakuomba urudilie."

Daktari akataka kujua kuna nini. Nikamwambia mama amesikia, lakini anaomba asikie tena. Daktari akasema nimwambie mara zote anazotaka, yeye hana haraka. Basi nikarudia, neno kwa neno, polepole, na nilipofika mwisho alikuwa ananisubiri nianze upya.